Treni Ikiondoka, Njia Ibaki ya Nani?

Kati ya mji wa Clinton na kijiji cha Machens, katika jimbo la Missouri, Marekani, kuna ukanda mwembamba wa ardhi wenye urefu wa kilomita 386. Juu yake hakuna lami, hakuna taa, hakuna gari. Kuna kokoto za chokaa zilizosagwa na kushindiliwa, na watu wanaotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Inaitwa Katy Trail, kwa jina la utani la kampuni ya reli ya Missouri-Kansas-Texas, ambayo treni zake zilipita hapo kwa karibu miaka 100.

Vipeperushi vya utalii vitakusimulia majabali, mvinyo na machweo ya mtoni. Vyote vipo, sibishi. Lakini mtu aliyekulia nchi ambako reli ikifa huachwa iote magugu, kisha vyuma vyake vikaishia kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu, akipita pale atajiuliza jambo jingine kabisa. Imewezekanaje ardhi ndefu namna hii, inayokatiza mashamba ya mamia ya watu, ibaki kipande kimoja baada ya treni kuondoka? Hilo ndilo lililonishika, kuliko mandhari.

Mto Missouri ulipata reli pande zote mbili, kwa sababu enzi zile kampuni zilishindana kama kwamba mizigo haitakwisha duniani. Reli ya ng'ambo ya kusini, ya Missouri Pacific, ilipita Jefferson City, makao makuu ya jimbo. Katy ilichelewa. Ilipofika miaka ya 1890 ilishika ng'ambo ya kaskazini, chini kabisa ya majabali, mahali ambapo mto ukifura ndipo unapofika kwanza. Mwaka 1916 Marekani ilikuwa na njia za reli zaidi ya kilomita 400,000. Leo zimebaki kama nusu hivi. Malori na barabara kuu zilikula mizigo, magari binafsi yakala abiria, na mwaka 1980 sheria ikalegezwa, kampuni zikapata wepesi wa kuachana na njia zisizolipa.

Oktoba 1986 mto ukafura na kulihujumu tuta la Katy. Kampuni ikapiga hesabu. Kuitengeneza reli ambayo mwenzake yuko ng'ambo, mzima, anafanya kazi, ni kutupa fedha majini. Treni zikahamishiwa upande wa pili.

Kwa kawaida hadithi ya reli huishia hapo, na kinachofuata huwa ni mazishi yasiyo na matanga. Marekani nako ingekuwa hivyo, tena kwa kasi zaidi, kwa sababu ya namna kampuni zilivyoipata ardhi. Sehemu kubwa hazikuinunua ikawa mali yao. Wenye mashamba waliwapa haki ya kupita tu. Siku kampuni ikitangaza kwamba imeiacha njia, haki ile inakufa, na ardhi inarudi kwa mwenye shamba au mrithi wake. Ukanda uliochukua miaka kuunganishwa unakatika vipande mamia kwa siku moja. Kila mtu anavuta uzio wake, anaongeza mistari kadhaa ya mahindi, na hakuna wa kumlaumu. Akitokea mtu baada ya miaka 50 anataka kupitisha treni tena, itambidi aanze kubisha hodi mlango mmoja baada ya mwingine, kwa wajukuu waliohamia mijini, kwa mawakili wao, na kwa yule mzee mmoja ambaye hauzi hata umlipe dhahabu.

Mwaka 1983 Bunge la Marekani liliziba tundu hilo kwa kifungu kifupi katika sheria ya taifa ya njia za miguu. Kampuni ikimkabidhi njia mtu au taasisi inayokubali kuitunza, kulipa kodi yake na kubeba lawama za kisheria zitakazotokea, na njia hiyo ikatumika kwa muda kwa watembea kwa miguu, basi haihesabiki kuwa imeachwa. Inawekwa akiba. Treni ikihitajika tena, njia ipo.

Kwetu mtu mwenye kiwanja asichoweza kukijenga leo humweka ndugu yake kwenye kibanda, alime mchicha na kuanika nguo, ili wavamizi wakija wakute mwenyeji. Waendesha baiskeli wa Missouri wamewekwa pale kwa kazi hiyohiyo, na wengi wao hawajui. Wanadhani wamekuja kupunga upepo. Mimi naona ni ujanja wa kisheria wa hali ya juu, na sisiti kuusifu, ingawa kuna watu walioumia na nitawafikia.

Sheria peke yake haimwagi kokoto. Fedha zilitoka kwa Edward "Ted" Jones, aliyewahi kuiongoza kampuni ya uwekezaji ya Edward Jones, na mkewe Pat: dola 200,000 za kuipata njia na dola milioni 2 za kuijenga. Alikuwa ameona mfano Wisconsin, ambako njia ya Elroy hadi Sparta ilifunguliwa mwaka 1967 juu ya reli iliyokufa. Kipande cha kwanza cha Katy kilifunguliwa katika kijiji cha Rocheport Aprili 1990. Jones alifariki Oktoba mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Union Pacific, iliyokuwa imeimeza kampuni ya Katy, ikatoa kilomita 53 nyingine kutoka Sedalia hadi Clinton. Kisha 1993 mto ukafura kuliko wakati mwingine wowote watu wazima wa pale waliokuwa wakiukumbuka, ukaharibu sehemu kubwa, na jimbo likarudi kujenga upya kilichokuwa bado kinanukia upya.

Sehemu niliyoipenda ni ile ya kutoka Rocheport kwenda McBaine. Rocheport ina handaki la urefu wa mita 74, lililochimbwa reli ilipokuwa inajengwa, na ndilo pekee katika njia yote. Unaingia kutoka kwenye joto la Julai, ubaridi unakupiga usoni, na mlio wa matairi kwenye kokoto unabadilika ghafla unapojirudia ukutani. Ukitokea upande wa pili, mkono mmoja ni jabali la chokaa lililosimama wima, mkono mwingine ni mto wa rangi ya chai ya maziwa unaosukuma magogo. Baada ya saa moja mnyororo wa baiskeli umepakwa unga mweupe, na miguu yako pia, kana kwamba umetoka kiwanda cha sementi.

Jambo linaloshangaza zaidi ni wepesi wake. Njia haina mlima. Treni nzito haipandi mteremko mkali, kwa hiyo wahandisi wa miaka ya 1890 walikata kilima hapa, wakajaza bonde pale, wakazunguka jabali kule, na jasho la wachimbaji wao sasa anakula mstaafu mwenye goti bovu. Niliona bibi na babu waliopita 70 wakisonga taratibu bila kushuka hata mara moja. Niliona mtoto kwenye kitoroli kilichofungwa nyuma ya baiskeli ya mama yake, amelala. Barabara ya kawaida ya kijijini pale, yenye milima yake na malori ya soya, ingewatupa mtaroni wote hao.

Karibu na McBaine, pembeni kidogo ya njia, kuna mwaloni mkubwa ambao shina lake mzingo wake unazidi mita 7. Umri wake hukadiriwa kwa mamia ya miaka. Oktoba 2020 radi iliupiga, moto ukawaka ndani ya shina, zimamoto wakaja kuuokoa, na mti ukachipua tena. Watu husimama pale kuupiga picha kuliko wanavyosimama popote.

Shemeji yangu anayeishi mji wa Columbia, humohumo Missouri, ambaye ndiye aliyenipeleka, alicheka nilipomuuliza kwa nini sehemu ya kuegeshea magari imejaa. "Shemeji, hapa tunabeba baiskeli kwa gari ili tukaziendeshe pasipo na magari," akaniambia. Ni kweli. Nusu ya magari yale yalikuwa na vyuma vya kubebea baiskeli nyuma, na ukikaa kidogo unasikia ng'ambo ya mto honi ya treni ya mizigo kwenye ile reli iliyosalia. Huko hupita pia treni ya abiria ya Amtrak, inayopokea baiskeli, kwa hiyo mtu anaweza kwenda kwa treni hai na kurudi kwa njia ya treni iliyolala.

Sasa faida. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 ulikadiria watumiaji 400,000 kwa mwaka na mchango wa dola milioni 18.5 katika uchumi. Ukigawanya unapata kama dola 46 kwa kila mtu: chakula, chupa ya maji, labda kukodi baiskeli au sehemu ya bei ya gesti. Si fedha za kubadilisha jimbo. Lakini Rocheport ni kijiji cha watu kama 200, na kwa mwenye mgahawa mmoja na vyumba vitatu vya kulaza wageni, wateja wa Jumamosi wanatosha kumfanya asihame. Augusta, yenye mashamba ya zabibu yaliyoanzishwa na walowezi wa Kijerumani, imefaidi zaidi. Vijiji vingine havikupata kitu cha maana. Watalii wanapita, wanajaza maji, wanaondoka. Anayedai njia ya baiskeli inaweza kukaa mahali pa treni iliyokuwa inabeba mahindi, ng'ombe na barua anatania. Maghala marefu ya nafaka yaliyosimama kando ya njia yanaonyesha wazi ukubwa wa biashara iliyoondoka.

Nilisema kuna walioumia. Hebu jiweke mahali pa mkulima wa pale. Babu yake alitoa ukanda wa shamba ili treni ipite, na treni hiyo ilibeba mazao yake. Treni imekoma. Kwa sheria aliyoijua maisha yake yote, ardhi ingerudi. Badala yake anaambiwa itabaki mikononi mwa jimbo, na kila siku watu asiowajua, wamevaa kaptura za kubana, watapita nyuma ya jiko lake. Hakuulizwa. Wakulima walikwenda mahakamani, na katika kesi kama hiyo kutoka Vermont, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1990, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba sheria ya 1983 ni halali, ila mwenye ardhi ana nafasi ya kudai fidia serikalini. Mwaka 2000 Mahakama ya Madai ya Shirikisho ikakubali kwamba wenye ardhi wa Missouri, wakiwemo wa kando ya Katy, walikuwa wamechukuliwa mali yao na wanastahili kulipwa.

Hesabu miaka. Treni zilikoma 1986, haki ikatamkwa 2000. Kwangu wakulima walikuwa na haki kamili katika suala la fedha, na walikosea kutaka ukanda ukatwe. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Serikali iliyojua mwaka 1983 kwamba inabadilisha masharti ya mkataba wa babu ilipaswa kuja na daftari la malipo siku hiyohiyo, badala ya kusubiri kushtakiwa. Na chuki haijaisha. Mwaka 2021 Missouri ilipokubali kupokea kilomita 232 nyingine za reli ya zamani ya Rock Island, hoja zilezile zilirudi bungeni kwao, karibu neno kwa neno.

Kama kuna mtu anadhani kuweka njia akiba ni maneno ya karatasi tu, aende mji wa Boonville akaangalie daraja la reli ya Katy. Ni la chuma, la mwaka 1932, na kipande chake cha katikati kiliinuliwa juu ili vyombo vya majini vipite. Waendesha baiskeli hawalihitaji: wanavuka kwa daraja la barabara lililo jirani. Union Pacific ilitaka kulibomoa ikatumie vyuma vyake kwingine. Mwaka 2005 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Jay Nixon, aliyekuja kuwa gavana, akaipeleka kampuni mahakamani. Hoja yake ilikuwa kwamba daraja likiondoka, njia imekatika, na njia iliyokatika haiwezi tena kudai kuwa ni reli iliyolala. Walivutana hadi 2010, kampuni ilipokubali kuwaachia watu wa Boonville daraja lao. Watu wazima waligombania kwa miaka mitano daraja lisilopitika, na mimi nasema walikuwa na akili timamu.

Huku kwetu tumeshazika reli kadhaa. Unguja ilikuwa na treni ya kwenda Bububu mwanzoni mwa karne iliyopita, iliyojengwa, kwa kituko cha historia, na kampuni ya Kimarekani. Miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha. Kusini mwa Tanzania Waingereza walijenga reli kwenda Nachingwea kwa ajili ya ule mpango wao wa karanga wa 1947, uliokufa kabla ya reli yenyewe kuzeeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Leo reli ya kutoka Mtwara kwenda Mbamba Bay inapozungumzwa, inazungumzwa kama jambo jipya kabisa.

Linganisha na ya Kaskazini. Njia ya kwenda Moshi na Arusha ilikaa miaka mingi bila abiria, watu wakaizoea kama uchochoro, lakini haikung'olewa. Desemba 2019 treni ya abiria ikafika tena Moshi, na mwaka 2020 ikaingia Arusha. Kenya nao waliifufua ya Nairobi kwenda Nanyuki mwaka 2020. Zilifufuka kwa sababu ukanda ulikuwepo. Uganda bado ina ya Kasese, iliyofika huko mwaka 1956 na kusimama miaka ya 1990, na kila mwaka unaopita bila mlinzi unaongeza bei ya kuirudisha.

Bei hiyo tunaijua kwa alama moja: X nyekundu ukutani. Mtu amejenga ndani ya hifadhi ya reli kwa miaka 20, amelipa kodi ya majengo, amevuta umeme, kisha asubuhi moja anakuta rangi kwenye mlango wake. Nairobi ilibidi shirika la reli lijenge nyumba na vibanda vya biashara kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi na kuchuuza juu kabisa ya reli Kibera na Mukuru. Pale angalau walijengewa. Kwingine greda limetangulia, maelezo yakafuata.

Kwa hiyo tusilete hapa njia ya mvinyo na kaptura za kubana. Baiskeli ya kijijini kwetu ina gunia la mkaa nyuma, au madumu manne ya maji, au mgonjwa. Tena watu wetu hawahitaji kufundishwa kutembea kwenye reli: pita Korogwe au Voi asubuhi uone wanafunzi wakiruka taruma hadi taruma, viatu mkononi, kwa sababu tuta ndilo pakavu mvua ikinyesha. Njia ipo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika kwamba ipo, ni ya nani, na kwa masharti gani.

Ningeanza na mambo yasiyo na gharama kubwa. Mawe ya mpaka yawekwe upya kabla taruma la kwanza halijang'olewa, na halmashauri za vijiji zikabidhiwe ulinzi kwa maandishi. Wanaodai kwamba babu zao hawakulipwa wasikilizwe sasa, wakati ardhi bado ni ya bei rahisi na wazee wanaokumbuka mipaka bado wako hai. Juu ya tuta watu wapite kwa miguu, baiskeli na mikokoteni. Bodaboda nazo zitataka, na hilo kila kijiji kitajuana nalo. Kandokando walime mazao ya msimu, wasipande miembe wala kujenga kwa tofali. Na mkataba useme wazi kwamba treni inaweza kurudi, kwa notisi ya miezi 6, ambayo inamtosha mtu kuvuna mahindi yake.